Mgonjwa wa demensia asiyejua kwamba anaumwa: wahudumu wanaishiwa nguvu, tufanyeje?

Msimamizi_wa_Wodi (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba mchango wa wanaoijua kazi hii kwa undani: wauguzi, matabibu, wasimamizi wa vituo vya wazee, wahudumu wanaokwenda majumbani.

Tukizungumzia demensia huwa tunazungumzia usahaulifu. Lakini kinachowamaliza wahudumu si usahaulifu, ni mgonjwa asiyejua kabisa kwamba ana tatizo. Muda wa dawa ukifika anauliza dawa za nini, yeye ni mzima. Nguo imelowa mkojo, anasema kuna mtu kamwagia maji. Hawezi kusimama bila kushikwa, ila kila baada ya muda mfupi anainuka, na anayemrudisha kitini anaitwa mkorofi. Pochi haionekani, basi mwizi ni mhudumu aliyemvalisha asubuhi. Na kesho yake mhudumu huyo huyo anatakiwa amwogeshe tena, tena kwa uso mkunjufu.

Nina maswali matatu. Tutajuaje kwamba mgonjwa hajui kweli, na si kwamba anajua ila anakana? Pale anapokataa kuoga au dawa, mhudumu afanye nini hasa, hatua kwa hatua? Na mhudumu mwenyewe alindwe vipi?

Ombi langu moja tu: tusiishie kwenye "muwe na subira". Hilo wanaambiwa kila kikao.

Nesi_Wazee

Nianze na swali la kwanza, maana ukilikosea hilo hayo mengine yote yatakwenda mrama.

Hali unayoieleza inaitwa anosognosia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1914 na Joseph Babinski, daktari wa mishipa ya fahamu wa Ufaransa, kwa wagonjwa waliopooza upande wa kushoto na bado wakasema mkono wao uko sawa. Kwenye demensia ni jambo la aina hiyo hiyo, ila linahusu kumbukumbu, uamuzi, tabia na kazi za kila siku.

Vinaharibika vitu viwili. Kwanza ni uwezo wa ubongo kulinganisha ulichokusudia na ulichofanya, kazi inayotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, na mara nyingi upande wa kulia. Pili ni kumbukumbu yenyewe. Hata akiliona kosa lake saa nne asubuhi na kulikubali, halihifadhiwi. Ikifika saa tano, anajijibu kwa picha aliyokuwa nayo juu ya nafsi yake miaka mingi nyuma, na picha hiyo imesimama kama saa iliyoisha betri. Ndani yake yeye bado ni mtu wa makamo, anaendesha gari, anapika, ana ofisi ya kwenda. Kwa hiyo akisema "mimi ni mzima" hasemi uongo. Anasoma kilichoandikwa kichwani mwake.

Namna ya kumtofautisha na anayekana: anayekana kwa sababu ukweli unamuuma huonyesha maumivu ukiikaribia mada. Anabadilisha mazungumzo, anakasirika kabla hujamaliza sentensi, anaficha karatasi za hospitali, anaandika vikumbusho kwa siri. Huyo anajua, na anahitaji faraja. Asiyejua hushangaa, au hajali. Ukimwonyesha sufuria iliyoungua anakupa sababu papo hapo, kwa utulivu: jiko ni bovu, kuna mtu kaliwasha. Hatungi ili akudanganye. Ubongo unajaza pengo, na yeye mwenyewe anaamini.

Ila tusifanye kana kwamba kujua ni taa ya kuwasha na kuzima. Mgonjwa mmoja anaweza kukubali kwamba anasahau majina na asikubali hata kidogo kwamba hawezi kutembea peke yake. Aina ya ugonjwa pia ina uzito wake. Kwenye demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, kutojua hujitokeza mapema sana, pengine kabla kumbukumbu haijaguswa, na ndiyo maana familia hudhani ni tabia mbaya. Kwenye Alzheimer huongezeka kadiri ugonjwa unavyoendelea. Kwenye demensia ya mishipa ya damu wengi hubaki wanajua kwa muda mrefu zaidi. Demensia ya Lewy, inayotokana na chembe za protini zinazojilundika ubongoni, inayumba: asubuhi anajua, jioni hajui.

Na anayejua si lazima awe na nafuu. Wanaojijua ndio wanaokabiliwa zaidi na sonona. Asiyejua anaweza kuwa mtulivu kuliko wote wodini, na mzigo wake ukamwangukia anayemhudumia. Hapo ndipo mada yako ilipo.

Jambo la kufanya wiki hii: chukua shughuli sita, yaani kutembea, kwenda chooni, kuoga, kula, dawa, na kutunza vitu vyake. Muulize mgonjwa kwa utaratibu, kila moja: "Hili unalifanya mwenyewe au unahitaji msaada?" Kisha mhudumu anayemfahamu ajibu maswali hayo hayo kwa kuangalia kinachotokea kweli. Panapotofautiana ndipo penye hatari. Mgonjwa asiyeweza kutembea na anajua, atakuita. Mgonjwa asiyeweza kutembea na anaamini anaweza, hatabonyeza kengele hata umfundishe mara mia. Kuandika kwenye jalada "amekumbushwa kubonyeza kengele" hakumkingi na chochote. Andika kwa kila shughuli "anajua" au "hajui", na taarifa hiyo isomwe kwenye makabidhiano ya zamu pamoja na dawa.

Mwisho, acheni kumthibitishia. Kumwonyesha shuka lililolowa, kumsomea cheti cha daktari, kumwuliza "leo ni tarehe ngapi" ili aone mwenyewe: havisaidii. Ushahidi hauna mahali pa kukaa kichwani, lakini aibu na hasira vinabaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa uliochapishwa mwaka 2014 uliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu vya huzuni na vya furaha. Muda mfupi baadaye hawakukumbuka walichokiona, ila huzuni au furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Ukishindana naye saa tatu na ukashinda, saa nne hakumbuki hoja yako, anakumbuka tu kwamba wewe si mtu mzuri. Na saa nne ndiyo unakuja na beseni.

Tiba_kwa_Vitendo

Nakubaliana na Nesi_Wazee. Mimi nijibu la kuoga, maana ndipo mapigo na mikwaruzo mingi hutokea.

Tazama jambo lenyewe kwa macho yake. Kwa hesabu yake ameshaoga leo. Anaingia mtu asiyemfahamu, anamvua nguo, anamwagia maji. Akipiga ngumi anajilinda, na kwa alichonacho kichwani ana haki ya kujilinda. Mhudumu akilielewa hili, ngumi inauma vile vile, lakini haimvunji moyo kwa namna ile.

Maandalizi ni nusu ya kazi. Chumba kiwe na joto na mlango ufungwe kabla hujamwita. Taulo, nguo safi, nepi na mafuta viwe vimepangwa kwa mfuatano wa kutumika, ili usimwache hata mara moja ukatafute kitu. Miwani avae, kifaa cha kusikia kiwe masikioni mpaka dakika ya mwisho. Mpeleke chooni kwanza. Kama ana maumivu ya viungo na daktari ameandika dawa ya maumivu, panga kuoga nusu saa hadi saa moja baada ya kuimeza.

Njoo kutoka mbele, akuone. Shuka usawa wa macho yake, mwite kwa jina analolipenda, kisha nyamaza. Ubongo wake unachelewa, mpe sekunde kumi kamili kabla hujarudia, na ukirudia tumia maneno yale yale. Ukibadilisha maneno umempa swali jipya, anaanza upya. Usiulize "unataka kuoga?" kwa sababu jibu ni hapana. Usiamuru pia. Mpe njia mbili zinazofika mahali pamoja: "Tuanze na miguu au mikono?" Neno "kuoga" lenyewe unaweza kuliacha kabisa. "Njoo tukupashe joto mgongo" inafika mbali zaidi.

Anayeogopa bafu, mwogeshe kitandani kwa taulo. Unahitaji taulo moja kubwa la kufunika mwili mzima, mawili madogo, vitambaa viwili vya kunawishia, blanketi, mfuko wa plastiki, na lita mbili hivi za maji ya nyuzi 40 hadi 43. Tia maji na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, kiasi cha mililita 30, ndani ya mfuko wenye taulo kubwa, ukandekande mpaka taulo lote lilowe, kisha kamua. Lijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Mfunike mgonjwa kwa blanketi, mvue nguo chini ya blanketi, halafu tandaza taulo la moto kuanzia miguuni kwenda juu huku ukilirudisha blanketi nyuma, hivyo hakuna wakati yuko uchi. Mkande kupitia taulo: miguu, mapaja, tumbo, mikono. Ulipokwisha safisha, kunja taulo na funika blanketi. Mgeuze ubavu, taulo dogo la moto mgongoni. Uso kwa kitambaa chake, sehemu za siri kwa kitambaa kingine, mwishoni. Kwapani, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya kinena pakaushwe vizuri kwa taulo dogo lililobaki, maana ndipo ngozi inapochubuka. Kama sabuni ni ya kawaida, lazima upite mara ya pili kwa taulo lenye maji matupu, la sivyo ngozi ya mzee itawasha na atajikuna usiku kucha.

Kinachoharibu zoezi: taulo kupoa kwa sababu mhudumu alisahau kitu, wahudumu wawili kuzungumza kwa pamoja (mmoja aongee, mwingine mikono tu), kuanza na kichwa, maji kumpiga usoni, na kuinua bega linalouma.

Ziwepo pia alama za kusimama. Akikaza taya, akashika nguo yake kwa nguvu, akaanza kupumua haraka au kurudia neno lile lile, simama hapo hapo. Funika, tulia, ondoka. Rudi baada ya dakika 20 au 30, na ikiwezekana arudi mtu mwingine, kwa sababu sura mpya haina ugomvi nyuma yake. Kama bado hataki, osha uso, mikono na sehemu za siri, basi. Mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki unatosha kwa wazee wengi. Ratiba inayolazimisha kila mtu kuoga kila siku kabla ya saa mbili asubuhi ndiyo inayozalisha ngumi.

Msimamizi_wa_Wodi

Nashukuru sana, hilo la kuandika "anajua/hajui" kwa kila shughuli hatukuwa nalo kabisa. Naomba kuuliza: bibi anayemsubiri mama yake aje kumchukua, na mama alishafariki zamani. Wahudumu wengine wanamwambia ukweli, wengine wanasema "anakuja jioni". Wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Na kuna wanaosaga dawa na kuchanganya kwenye chakula kimyakimya.

Nesi_Wazee

Kumwambia kwamba mama yake amefariki ni kumpa msiba mpya kila siku, kwa sababu kwake ni mara ya kwanza kusikia. Lakini "anakuja jioni" nayo ina gharama: jioni atasubiri mlangoni, na jioni ndiyo saa yake mbaya zaidi.

Kuna njia katikati. Gusa hisia kwanza: "Umemkumbuka mama." Kisha fungua mazungumzo ndani ya hilo hilo: "Mama alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa anakufundisha nini?" Akishaongea dakika chache, na mkono wake umeushika, mpe cha kufanya, kama kukunja nguo au kutembea kidogo. Anayemwita mama mara nyingi anatafuta usalama, au ana njaa, baridi, au amebanwa na haja. Chunguza hivyo kabla ya yote. Akikuuliza moja kwa moja "amekufa?" na akasubiri jibu kwa utulivu, hapo usimdanganye.

Jibu lolote mtakalochagua liandikwe kwenye jalada na litumiwe na zamu zote. Mgonjwa anayepewa majibu matatu kwa siku hasahau tu, anachanganywa.

Dawa za kuficha ni jambo jingine kabisa, na nasema kwa ukali kidogo: mhudumu asiamue peke yake, hata kwa nia njema. Kwanza daktari aulizwe kama dawa zote bado zinahitajika, mara nyingi orodha hupungua. Pili, iulizwe kama ipo ya maji au ya kuyeyuka. Ikibidi kuficha, uamuzi uwe wa maandishi, wa daktari, mfamasia na ndugu anayewajibika, na uwe na tarehe ya kupitiwa upya. Vidonge vya kutoa dawa polepole na vile vilivyopakwa ganda la kuvikinga na tindikali ya tumbo havisagwi kamwe. Cha kutoa polepole kikisagwa, dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Na akigundua uchungu kwenye chakula, atakataa chakula chote, na hapo umepoteza dawa na lishe kwa pamoja.

Tabibu_Mwandamizi

Naongeza onyo. Kutojua kwa demensia huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mgonjwa aliyekuwa akikubali kuoga wiki iliyopita na leo anapigana, au aliyekuwa anaongea na sasa analala mchana kutwa, msimwandikie "ukaidi" wala "ugonjwa umeendelea". Mabadiliko ya saa au siku chache ni kuchanganyikiwa kwa ghafla mpaka ithibitike vinginevyo, na ni dharura ya kitabibu.

Tafuteni kwa mpangilio: joto la mwili, mapigo, kiwango cha oksijeni na sukari. Mara ya mwisho kupata choo lini? Kinyesi kilichokwama tu kinatosha kumchanganya mzee. Kibofu kimejaa na mkojo hautoki? Amekunywa maji kiasi gani tangu jana? Ameanguka, amegonga kichwa? Dawa gani imeongezwa au imesimamishwa karibuni? Hapo angalieni kwa makini dawa za mafua na mzio za aina ya zamani kama klorofeniramini na promethazini, amitriptilini (ya sonona), na dawa za kibofu kama oksibutinini. Zote hizi huzidisha mchafuko wa akili. Masikio nayo, nta ikijaa mgonjwa hasikii na mnadhani haelewi.

Maumivu msiyasahau, kwa sababu asiyejua kwamba anaumwa anaweza pia kusema "siumwi popote" huku nyonga imevunjika. Kipimo cha PAINAD kimetengenezwa kwa hali hii. Mtazame mgonjwa dakika tano hivi, mpe alama 0 hadi 2 kwa kila kimoja: upumuaji, sauti ya kulalamika, uso, mwili, na kama anatulizika. Jumla ni 10. Mpime akiwa amekaa, kisha akigeuzwa au kuinuliwa. Wengi wanaonekana sawa wakiwa wametulia, maumivu yanajitokeza wanapohamishwa.

Kuhusu dawa za kutuliza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za saikosisi (za kutibu maruweruwe na mchafuko mkubwa wa akili) zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia: katika majaribio ya wiki kumi hivi, waliopewa dawa walikufa kama asilimia 4.5, waliopewa dawa bandia asilimia 2.6. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa hadi zile za zamani. Zina nafasi yake, pale mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine, au maruweruwe yanamtesa, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, na tarehe ya kusimamisha ikiwa imeandikwa. Kwa mwenye demensia ya Lewy, haloperidoli, mojawapo ya hizo za zamani, inaweza kumkakamaza mwili mzima na hata kumwua. Na hakuna dawa kati ya hizi inayomrudishia mtu ufahamu wa hali yake. Anayetarajia kidonge kitamfanya akubali kwamba anaumwa atasubiri sana, na dozi itapanda bure.

Zamu_Salama

Swali la tatu limebaki pembeni, kama kawaida. Nitajibu kwa kirefu, samahanini.

Kazi nyingi za uuguzi ni nzito lakini zina malipo ya moyo: mgonjwa anakuona, anajua umemsaidia. Kwa mgonjwa asiyejijua malipo hayo hayapo. Kwa maoni yake wewe ni mtu uliyeingia chumbani kwake bila ruhusa. Mhudumu anatoa upole saa nane mfululizo na anarudishiwa tuhuma. Msosholojia Arlie Hochschild alilieleza mwaka 1983: kuna wafanyakazi wanaolipwa ili waonyeshe hisia fulani, na anayevaa tabasamu juu ya hasira anachoka kuliko yule ambaye kweli ameliona jambo kwa namna nyingine. Ndiyo maana maelezo ya Nesi_Wazee si nadharia tu. Mhudumu anayejua kwamba mzee anasoma picha ya zamani hana haja ya kuigiza sana, kwa sababu hasira yenyewe inapungua. Anayeambiwa "tabasamu tu" anaigiza mpaka anaishiwa.

Kuishiwa huko kuna sura tatu. Christina Maslach na Susan Jackson walitengeneza kipimo chake mwaka 1981, na Shirika la Afya Duniani liliingiza hali hii mwaka 2019 kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama tatizo la kikazi, bila kuiita ugonjwa: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona hufai kitu. Hiyo ya pili ndiyo msimamizi anayoweza kuisikia kwa masikio. Wahudumu wanazungumza juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba hayupo. Mzee anageuka kuwa "yule wa chumba cha tatu" au "wale wa kulishwa". Vicheko vinaanza mtu akijisaidia kitandani. Ukisikia hivyo, usianze na karipio. Angalia ratiba: nani amekuwa na wagonjwa gani, kwa siku ngapi mfululizo.

Ratiba ndiyo dawa ya kwanza. Mgonjwa anayetuhumu au kupiga asiwe wa mtu mmoja zamu nzima. Gaweni kwa nusu zamu, kati ya watu wawili au watatu anaowazoea, si kumi. Wageni wengi wanamzidishia hofu. Ongezeni mtu kuanzia alasiri mpaka jioni, saa ambazo wengi huchafuka, hata kama itabidi asubuhi ipungue. Mapumziko yawe ya kweli, nje ya sauti ya wodi, na aliyeshika nafasi atajwe kwa jina. Pumziko ambalo kengele inakufuata si pumziko.

Wekeni neno la kubadilishana. Mhudumu akihisi anakaribia kupandisha sauti, anamwambia mwenzake neno walilokubaliana, na mwenzake anaingia bila kuuliza kitu wala kumtania baadaye. Pale ambapo kutumia neno hilo kunaonekana udhaifu, halitatumika, na siku moja mzee atavutwa mkono.

Ngumi, mate, matusi na kushikwa mwili vyote viandikwe kama tukio: saa, mahali, kilichotangulia, kilichofanyika, kilichofuata. Usikubali "ni sehemu ya kazi". Yasipoandikwa hamtaona kwamba matukio mengi yametokea saa ya kubadilisha nepi ya alasiri, na kwamba yule mzee ana kidonda. Ndani ya saa moja baada ya tukio, dakika kumi za kukaa na msimamizi: umeumia? nini kilitokea? unarudi kwake leo au tubadilishe? Hakuna hukumu kwenye kikao hicho. Uchunguzi, kama upo, una muda wake.

Na tuhuma za wizi. Hapa wengi wanakosea pande zote mbili. Mkishasema "huyo ana demensia, tumezoea", mmewaacha wahudumu na kinyongo na mmemwacha mgonjwa bila kinga, kwa sababu mwenye demensia anaweza kuibiwa kweli, tena kwa urahisi kuliko mwingine yeyote. Kila tuhuma ichunguzwe kwa njia ile ile, fupi na ya wazi. Vitu vya thamani viorodheshwe siku ya kupokelewa, kwa maelezo na picha, watu wawili na ndugu watie saini. Orodha ipitiwe kila mwezi. Fedha nyingi na vito virudi kwa familia. Mfahamu pia maficho yake: ndani ya foronya, kwenye soksi, chini ya godoro, kwenye kikapu cha taka (kikaguliwe kabla ya kumwagwa). Pochi anayoitafuta kila siku iwe na nyingine inayofanana. Mhudumu anapotuhumiwa asijitetee. Aseme: "Pochi imepotea, hilo linaudhi. Tuitafute wote," na amwache mgonjwa ndiye aione. Ukiiona wewe, kwake umeirudisha.

Akikushika mkono kwa nguvu, usivute. Mkono mwingine uuweke juu ya wake, ongea taratibu, kisha zungusha kifundo kuelekea upande wa dole gumba lake, ndipo mshiko unapolegea. Simama pembeni kidogo kwa umbali wa mkono, si mbele yake moja kwa moja. Na njia ya mlango iwe wazi, usimzibie yeye wala usijizibie wewe.

Mhudumu_wa_Nyumbani

Tunaofanya kazi peke yetu majumbani hatuna wa kubadilishana naye. Na kwetu ndugu ndio mtihani: mgonjwa anaongea vizuri kwenye simu, anasema sijamlisha tangu jana, na wao wanaamini.

Zamu_Salama

Dada, hilo ni la kweli, na lina sababu. Mazungumzo mafupi ya heshima hubaki muda mrefu baada ya mengine kuharibika, kwa hiyo dakika tano za simu zinaweza kumwonyesha mtu mzima kabisa. Waombe ndugu wafanye yale maswali sita ya Nesi_Wazee wenyewe: wao wajibu, mgonjwa ajibu, walinganishe. Inashawishi kuliko maelezo yako.

Weka daftari mahali ambapo kila mtu analiona: saa, amekula nini na kiasi gani, amekunywa kiasi gani, choo, mkojo, dawa, usingizi, na hali ya moyo kwa neno moja. Andika wakati ule ule, si jioni kwa kukumbuka. Tuhuma yoyote iripoti wewe wa kwanza, siku hiyo hiyo, kwa maneno ya mgonjwa bila kuyapamba. Na kwenye makubaliano ya kazi liandikwe jina la mtu mmoja wa familia unayeweza kumpigia ukiwa umefika mwisho, na muda ambao lazima awe amefika.

Msimamizi_wa_Wodi

La mwisho, wakuu. Mzee anayeamka saa tisa usiku "kwenda kazini". Miguu haimbebi. Ndugu wanataka vizuizi vya kitanda vipandishwe pande zote mbili.

Tiba_kwa_Vitendo

Msipandishe. Asiyejua kwamba hawezi kutembea atavipanda, na ataanguka kutoka juu zaidi, au atanasa kati ya kizuizi na godoro. Kitanda kishushwe mpaka karibu na sakafu, na godoro jembamba liwekwe pembeni usiku tu. Taa hafifu iwake kuanzia kitandani mpaka chooni, mlango wa choo ubaki wazi ili aone sinki la choo akiwa amekaa. Soksi za kuteleza ziondolewe, viatu vyenye soli ya mpira viwe pale miguu inapotua. Kitambuzi cha mwendo kilie kwa mhudumu, si chumbani, maana mlio unamshtua na anainuka haraka zaidi.

Mwandikeni usiku tatu anaamka saa ngapi hasa. Kama ni saa tisa, mhudumu amfikie saa nane na nusu, ampeleke chooni, ampe kinywaji cha moto, akae naye kidogo. Muulizeni daktari kama dawa ya kuongeza mkojo inaweza kuhamishiwa asubuhi. Na anapoamka tayari kwa kazi, msimwambie amestaafu. Mwulizeni zamu yake inaanza saa ngapi, mwambieni bado kuna muda, na mkae naye kwenye kiti kizito chenye mikono mpaka mwili upoe.